Kazi na pesa hapa Baraka: mshahara unatoka wapi?

Leo tuongee pesa.

Kila mwaka, sherehe ya kutoa diplome ikiisha, swali linalozunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp ni lile lile: kazi iko wapi? Mwenye lisanse anauliza, aliyemaliza uuguzi anauliza, na mdogo wetu mwenye diplome ya Serikali peke yake naye anauliza. Mimi naona tungeanza na swali lingine: pesa inaingia Fizi na Baraka kwa njia gani, na ikishaingia inakaa kwa nani? Sababu hapa kwetu kuko watu wengi walio na kazi bila pesa, na wengine walio na pesa bila kitu ambacho sisi wasomi tunakubali kukiita kazi.

Tusitafute hesabu rasmi ya mji wetu. Nchi nzima ilihesabu watu mara ya mwisho mwaka 1984, na wengi wenu mnaosoma hapa hamjazaliwa. Taasisi ya takwimu ya taifa, INS, ilifanya uchunguzi wa ajira mwaka 2012 na kukuta kwamba karibu watu 9 kwa 10 wanaofanya kazi Congo wako nje ya sekta rasmi: shamba, soko, uvuvi, ufundi, pikipiki. Donc yule tunayemsema "hana kazi, anauza tu ndagaa", yeye ndiye mfanyakazi wa kawaida wa nchi hii. Mwenye biro ndiye wa pekee.

Tuanze na Serikali, maana ndiyo ndoto ya wazazi wetu. Mwalimu anaweza kuingia darasani leo, akapewa chaki na watoto 60, akafundisha mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, bila jina lake kuwa kwenye listingi ya mshahara Kinshasa. Huyo tunamwita N.U., yaani nouvelle unité. Upya wake unaweza kudumu mpaka mtoto wake mwenyewe anafika darasa la sita. Zamani alikuwa anashikiliwa na prime ya wazazi. Lakini tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, elimu ya msingi kwenye shule za Serikali ni bure, na prime ile ikakatazwa. Kwa mzazi wa Fizi hii ilikuwa nafuu kubwa, mimi siwezi kuilaumu. Kwa mwalimu ambaye hajamekanizwa, ilikuwa kama kunyang'anywa sahani akiwa bado anakula. Ndiyo maana wengi walikimbilia sekondari, ambako wazazi bado wanachanga. Au wanabaki na darasa asubuhi, shamba la muhogo mchana.

Hata aliye kwenye listingi, mshahara wake unapungua bila mtu kuugusa. Mwaka 2018 Serikali iliweka kiwango cha chini cha mshahara kuwa franga 7,075 kwa siku. Wakati huo dola moja ilikuwa kama franga 1,600 na kidogo, kwa hiyo ile pesa ilikuwa zaidi ya dola 4. Kufika 2024 dola ilikuwa imepanda mpaka karibu 2,800, na franga 7,075 zile zile zikawa dola mbili na nusu. Hakuna aliyekata mshahara, ila mfuko wa mchele, bati, na kodi ya nyumba hesabu yake ni ya dola. Mwaka 2025 kiwango kilipandishwa: kwanza 14,500, halafu 21,500 kuanzia mwezi wa kwanza 2026. Ni vizuri. Lakini sheria hiyo inamlinda mtu aliye na kontra, na hapa Baraka tumeshaona ni wangapi walio nayo.

Njia ya pili ni mashirika. Ukitaka kuelewa Baraka ya leo, lazima urudi mwaka 2005, wakati HCR ilipoanza kurudisha ndugu zetu kutoka kambi za Tanzania. Boti zilitoka Kigoma, zikashusha watu Baraka, na nyuma yao zikaja ofisi, magari meupe, vibarua wa kujenga, walinzi, wapishi, madereva, wakalimani. MSF ilikuwa tayari iko hapa tangu 2003. Halafu mwaka 2015 Burundi ikawaka, wakimbizi wakavuka, kambi ya Lusenda ikafunguliwa, baadaye na Mulongwe. Kila mara watu walipokimbia, mji wetu ulipata ajira. Ni jambo la aibu kulisema, lakini ndivyo uchumi wa hapa ulivyojengwa: shida ya jirani inalipa kodi ya nyumba ya Baraka.

Ubaya wa mshahara huu ni kwamba una tarehe ya kufa. Kontra ya miezi 3, ya miezi 6, projet inaisha, na usalama ukiharibika hata miezi hiyo haifiki. Mwisho wa mwaka 2020 MSF ilitangaza kuondoka Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa mara kadhaa. Aliyeumia kwanza ni mgonjwa, hilo halina ubishi. Lakini fikiria pia mji mdogo kama huu unapopoteza mishahara ya dola kwa pamoja: mama mwenye restora, fundi cherehani, mwenye nyumba, motari wa asubuhi, wote wanapoteza mteja yule yule siku ile ile. Mwezi wa 6 mwaka 2024 MONUSCO nayo ikaondoka Kivu Kusini. Mwezi wa kwanza 2025 Marekani ikasimamisha sehemu kubwa ya misaada yake duniani, na ONG nyingi zilizokuwa zinakula kwenye sahani hiyo zikaanza kupunguza watu. Waliopunguzwa sasa wanagombania nafasi chache na wale waliomaliza masomo mwaka huu. Ndiyo maana tangazo la nafasi moja ya animateur linapata barua mpaka biro inakosa mahali pa kuziweka.

Sasa twende kusini, Misisi. Huko ndiko pesa ya kweli ya territoire inatembea, tukubali tusikubali. Dhahabu inapimwa kwa tola, na tola moja ni gramu 11 na nusu hivi. Mwaka 2023 bei ya dunia ilikuwa karibu dola 2,000 kwa aunsi, kwa hiyo tola ya dhahabu safi ilikuwa na thamani ya dola 750 hivi. Mwezi wa 10 mwaka 2025 aunsi ilipita dola 4,000. Tola ile ile: dola 1,500. Hakuna mshahara wa Serikali wala wa ONG uliopanda mara mbili kwa muda huo. Basi usishangae kuona mwalimu anaacha chaki na kupanda gari la Lulimba.

Ila ukisikia "tola dola 1,500", usifikiri ni ya mchimbaji. Kuko PDG, yaani mwenye shimo, aliyetoa chakula, mbao, mafuta ya pompe. Jiwe likitoka, mifuko inagawanywa: ya PDG, ya timu, ya mwenye ardhi, ya huyu na yule anayejiita mamlaka. Mwenye bunduki naye hakosi, na huyo hapigi foleni. Sehemu ya timu inagawanywa tena kwa vichwa. Wamama wanaotwanga mawe wanalipwa kidogo kabisa, na vumbi lile linaingia kifuani. Négociant anakata kwa ajili ya usafi wa dhahabu, na mara nyingi alikuwa amekukopesha mchele wiki tatu zilizopita kwa bei yake mwenyewe. Kijana anaweza kurudi Baraka na pikipiki. Mwingine anarudi na deni. Mwingine shimo linamfunika, harudi. Wadogo zetu wanatuonyesha picha ya yule wa pikipiki.

Ziwa sitalisemea sana, kila mmoja wetu amekulia pembeni yake. Lakini wasomi wachache wanajua jinsi mvuvi analipwa, na ni vizuri kujua. Hana mshahara, ana sehemu. Asubuhi ndagaa zikiuzwa, kwanza inatolewa gharama ya mafuta na taa, halafu mwenye chombo na nyavu anachukua yake, kinachobaki kinagawanywa kwa timu. Mwezi ukiwa mkubwa, taa haina nguvu ya kuita ndagaa, timu inakaa. Samaki pia wamepungua, wazee wanasema na wataalamu wanasema. Nchi nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana kuwe na kipindi cha kupumzisha ziwa. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Kwa ziwa ni dawa. Kwa familia isiyo na akiba ni miezi mitatu ya kukopa, na hapo mama anayekausha ndagaa kwenye mchanga, ambaye hahesabiwi popote, ndiye anabeba nyumba kwa muhogo wake.

Ongeza vita juu ya yote hayo. Mwezi wa 2 mwaka 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa AFC/M23, banki zikafungwa, na mwezi wa 12 Uvira nayo ikaingiliwa. Aliyekuwa anangoja mshahara kupitia banki alijikuta anangoja simu. Na kutoa pesa kwenye simu kunategemea kama agent ana noti siku hiyo.

Sasa tazama pesa inavyotoka. Mchimbaji ananunua simu na mabati, mfanyakazi wa ONG ananunua simenti, mvuvi ananunua nyavu. Karibu vyote vimetoka Tanzania au Burundi, au vimepita Uvira. Pesa inalala Baraka usiku mmoja, asubuhi inapanda boti. Kazi inayobaki kwetu ni ya kubeba, kuuza rejareja na kusafirisha, na hiyo haiwezi kulipa watu wenye lisanse, hata tukiandika barua ngapi.

Kuko lakini sehemu moja ambako naona pesa inakaa kidogo: AVEC, hasa za wamama. Watu 15 mpaka 25, sanduku moja, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Kila wiki mtu ananunua sehemu zake, wanakopeshana kwa riba ndogo, na mwisho wa mzunguko, kama miezi 12, wanagawana. Mama anayetoa mkopo hapo ananunua beseni za ndagaa, anazipeleka Misisi, anarudisha, anabaki na minerval ya mtoto. Tatizo lao kubwa ni daftari: hesabu za riba zinachanganya, ugomvi unaanza siku ya kugawana, kikundi kinavunjika. Nimeona vikundi vinavyomlipa kijana aliyesoma comptabilité ili awashikie vitabu. Kila kikundi kinatoa kidogo, lakini mwenye vikundi 8 hakosi chakula, na halipwi na Kinshasa. Wenye vyombo vya uvuvi wana tatizo lile lile la hesabu, na wenye depo za muhogo pia. Mtu mwenye lisanse akibisha mlangoni kwao, wanafikiri amekuja kutoza taxe.