Kirumba: Dakika tano za kwanza ni za mwenye mali

KATIKA soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wilayani Ilemela, mtaji wa mtu huonekana kwa macho. Ni magunia ya dagaa wakavu na mafungu ya kayabo yanayosubiri malori ya kwenda mikoani na nchi jirani za Rwanda, Burundi na Kongo. Lakini bidhaa hiyo ina sifa moja ambayo wenyewe hawapendi kuizungumza. Dagaa mkavu ana mafuta, kiroba chake ni cha plastiki, na kibanda anamohifadhiwa mara nyingi ni cha mbao. Vyote vitatu ni chakula cha moto.

Anayelazimika kuizungumza kila siku ni askari wa zimamoto aliyepewa jukumu la kufundisha wengine. Siku yake huanza na gari, si na wanafunzi. Zamu inapoingia hukagua maji ndani ya tangi, mafuta, mipira, ngazi na king'ora. Baada ya hapo ndipo hubeba mitungi ya mfano na kwenda sokoni, shuleni au mwaloni. Simu ya dharura ikiita, somo hukatika palepale, na wanafunzi waliokusanywa kwa taabu hutawanyika.

Sare inayokimbiwa

Zamani kazi ya zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 iliunda jeshi moja, ambalo leo lipo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jeshi hilo linafundisha umma, na pia linakagua majengo ya biashara kwa tozo. Hapo ndipo kero ya kwanza ya mkufunzi inapoanzia. Mchuuzi akiona sare hafikirii somo, anafikiria ankara. Wengine hushusha milango kabla hajasalimia.

Wanaobaki nao wana hesabu zao. Mama lishe hawezi kuacha jiko saa ya chakula cha mchana, na mchuuzi hawezi kumwacha mteja. Wapo wanaouliza kwanza kama kuna posho. Mara nyingi tajiri humtuma kijana wa dukani akasikilize kwa niaba yake, na miezi michache baadaye kijana huyo amehamia kazi nyingine, ujuzi ameondoka nao. Mtungi wa kuzimia moto unabaki nyuma ya magunia, umefungwa kwa kamba ili usiibwe.

Lawama ya maji

Kero ya pili ni lawama iliyozoeleka nchini kote: zimamoto wamechelewa, tena wamekuja bila maji. Ucheleweshaji wa kweli upo na haufai kufichwa. Lakini hesabu nayo isemwe. Gari lenye lita 5,000, likitoa lita 500 kwa dakika, linakauka baada ya dakika kumi. Likiondoka kwenda kujaza, watu huona limekimbia.

Kirumba ipo kando ya ziwa, na hilo huongeza hasira za wananchi. Hata hivyo, pampu ya gari haiwezi kuvuta maji kutoka kina kinachozidi takriban meta saba, na mpira wa kuvutia ni mfupi, hivyo ni lazima gari lifike karibu kabisa na maji. Njia ya kufika huko ikizibwa na vibanda na malori, ziwa lote linakuwa halina faida. Kwa nyumba zilizojengwa juu ya miamba ya Mwanza, ambako hata bajaji haipandi, hali ni ngumu zaidi. Juu ya hayo kuna wanaopiga namba ya dharura 114 kwa mzaha, na kuziba laini ambayo mwenye shida anaihitaji.

Funzo la Bukoba

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba na watu 19 walipoteza maisha. Waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, alisifiwa kitaifa, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji na kupewa mafunzo.

Tukio lile lilionyesha kwamba mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu, awe amefundishwa au la. Sokoni ni hivyo hivyo. Moto unaozimika kwa mtungi mmoja mwanzoni, baada ya dakika chache hauzimiki hata kwa magari mawili. Wafanyabiashara wa Mwanjelwa, Mbeya, mwaka 2006, wa Soko Kuu la Kariakoo Julai 2021 na wa Karume, Dar es Salaam, Januari 2022 wanajua moto wa soko unavyofanya.

Hesabu ya mwenye mali

Tuchukulie mama mwenye mtaji wa Sh milioni 4, anayebakiwa na faida ya Sh 200,000 kwa mwezi. Mtaji wote ukiungua, atahitaji faida ya miezi 20 kuurudisha, na hiyo ni kama atapata pa kuanzia, maana mkopo wa kikundi hauungui pamoja na dagaa. Mtungi wa Sh 100,000 ni faida ya nusu mwezi. Wakichangia wanne, kila mmoja anatoa Sh 25,000.

Lakini mtungi bila mafunzo ni pambo. Mtungi wa poda humaliza kazi yake chini ya nusu dakika. Asiyejua kuvuta pini, kuelekeza mpira kwenye shina la moto badala ya ndimi zake, na kuzungusha kushoto na kulia, atamwaga fedha hewani. Na anayekaanga samaki ajue kwamba mafuta yakiwaka kwenye karai hayamwagiwi maji. Yanafunikwa kwa mfuniko, na jiko linazimwa.

Yapo yanayowezekana bila kusubiri bajeti. Viongozi wa soko waache njia moja wazi ya gari hadi majini, petroli ya injini za mitumbwi isilale pamoja na dagaa, na kila safu ya vibanda iwe na wawili waliofundishwa, mmoja akiwa mwenye mali mwenyewe. Muda nao upo. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliki vizuri, na mzigo mpya sokoni hupungua. Siku hizo nusu saa ya mafunzo haimnyimi mtu mteja, na mkufunzi akialikwa na chama cha wafanyabiashara, atakuja kama mgeni wao, si kama mleta ankara.