Mbwa wa Tiba Wodini: Anayefunzwa Zaidi Ni Mwongozaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Boris Levinson, mwanasaikolojia wa watoto jijini New York, aliwaeleza wenzake kwamba mtoto mgumu wa kuzungumza alikuwa mwepesi zaidi mbele ya mbwa wake, Jingles. Baadhi yao walilipokea jambo hilo kwa mzaha. Leo, katika hospitali nyingi za Marekani na Uingereza, mbwa wa tiba huingia wodini na mwongozaji wake, akakaa kando ya kitanda ili mgonjwa ampapase. Huyu si mbwa anayewaongoza wasioona, ambaye hufunzwa kumhudumia mtu mmoja. Kwa kawaida ni mbwa wa nyumbani wa mtu anayejitolea, mpole na mwenye kupenda wageni.

Upole huo ndio unaowapotosha wengi. Hudhaniwa kwamba akishapatikana mbwa mtulivu, kazi imekwisha. Kumbe sehemu kubwa ya mafunzo humhusu binadamu aliyeshika kamba, kwa kuwa ndiye anayetarajiwa kuielewa lugha ya mnyama kabla mambo hayajaharibika.

Lugha hiyo ni ya mwili. Mbwa aliyechoka au mwenye hofu hupiga miayo ilhali hana usingizi, hulamba midomo ilhali hapana chakula, hugeuza uso, hufyata mkia, huonyesha weupe wa jicho. Pengine hukakamaa tu na kuvumilia kukumbatiwa shingoni, na asiyejua husema, "Tazama alivyotulia!" Mwongozaji hufundishwa jaribio rahisi: kumwomba mgonjwa aondoe mkono kwa muda mfupi. Mbwa akisogea karibu, anataka zaidi. Akijitenga, au akijikung'uta kana kwamba ametoka majini, amekwisha kujibu, na ziara inakoma hapo hata kama mgonjwa bado anatabasamu. Kuikatiza furaha ya mgonjwa kwa heshima ni ujuzi mgumu kuliko kumfundisha mbwa kuketi.

Kunguruma nako hueleweka vibaya. Mbwa anayepigwa kwa sababu amenguruma hujifunza kunyamaza, lakini hofu yake haiondoki. Siku nyingine huenda akauma bila kuonya. Ndiyo maana mafunzo ya kiutu hutegemea tuzo, kama kipande cha chakula au sifa, na kuepuka vipigo, mikanda ya kukaba shingo na ile ya umeme.

Usalama wa mgonjwa una masharti yake. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2015 na wataalamu wa kuzuia maambukizi hospitalini unashauri kwamba mbwa awe na umri wa angalau mwaka mmoja, na ziara isizidi saa moja. Kila anayemgusa husafisha mikono kabla na baada, maana manyoya yaweza kubeba vimelea kutoka kitanda hadi kitanda. Mbwa anayelishwa nyama mbichi haruhusiwi, kwa hatari ya salmonela. Vidonda vilivyo wazi na mirija ya dawa haviguswi, naye hapewi nafasi ya kulamba.

Sharti la kwanza, hata hivyo, ni ridhaa. Mgonjwa huulizwa kabla mbwa hajavuka mlango, na jirani yake wa kitanda pia. Yupo mwenye mzio. Yupo Mwislamu anayechunga tohara yake na mate ya mbwa. Yupo aliyekulia mahali ambapo mbwa ni mlinzi wa usiku, na ambapo kichaa cha mbwa bado kinaua. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hofu hiyo ina msingi: aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Mwongozaji hachukizwi na neno "hapana". Huaga, akapita.

Kazi yake ya mwisho ni kutambua wakati wa mbwa kustaafu. Mnyama aliyekuwa akikimbilia mlangoni kila alipoona fulana yake ya kazi, siku moja huitazama na kubaki amelala. Fulana hurudishwa kabatini, na hospitali hupigiwa simu kuarifiwa kwamba hatakuja tena.