Mzigo Unaokwama Njiani: Kwa Nini Nakala ya Akiba Haifiki Winguni?

Usiku wa tarehe 10 Julai, 2021, moto uliliunguza Soko Kuu la Kariakoo, lile jengo lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Daftari la wadeni lililoachwa dukani huungua pamoja na duka. Hilo kila mwenye duka analijua. Lisilofahamika sana ni kwamba daftari la kompyuta nalo huungua vivyo hivyo. Miezi minne kabla ya moto huo, tarehe 10 Machi, 2021, kituo cha kompyuta cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, kiliteketea, na tovuti nyingi mno zikatoweka kwa mara moja. Baadhi ya wateja walikuta kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa zimewekwa pale pale.

Ndiyo maana nakala ya akiba hutakiwa ikae mbali na asili yake. Siku hizi mahali hapo pa mbali aghalabu huitwa "wingu". Msomaji asidanganywe na jina: wingu hili haliko angani. Ni majumba yaliyojaa kompyuta, kama yale ya Cape Town na Johannesburg, ambayo hupokea mafaili ya watu kupitia mikongo iliyolazwa chini ya bahari na kuyatunza kwa malipo. Kupeleka huko faili dogo ni kazi ya nukta chache. Faili likiwa kubwa, taabu huanza.

Hebu tuitazame taabu hiyo kwa mfano mmoja. Fundi mmoja kijana, mwenye chumba cha kazi Magomeni Mapipa, hutunza tovuti ya duka la khanga lililoko Kariakoo. Tovuti yenyewe huendeshwa na kompyuta iliyomo chumbani humo. Ina picha za khanga za miaka mingi, majina ya wanunuzi wa jumla wa mikoani, na hesabu ya nani anadaiwa nini. Vyote pamoja ni gigabaiti 12. Kila usiku kijana huyu aliipakia nakala kwenda winguni, na kila asubuhi aliikuta imekatika njiani. Akaulaumu mtandao, akanunua kifurushi kikubwa zaidi, nacho kikaisha. Kwa maana data iliyokwisha kusafiri hulipiwa hata kama faili halikufika. Mwenye duka akaanza kuuliza fedha zake zinakwenda wapi.

Kuulaumu mtandao si ajabu. Tarehe 12 Mei, 2024, mikongo miwili ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu siku moja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Lakini siku kama ile kila mtu huathirika, jirani na jirani yake. Hapa jirani wa fundi wetu alitazama mpira kwenye simu usiku kucha bila tatizo lolote. Kisa kilikuwa kingine.

Kabla ya kukitafuta, tupige hesabu ambayo fundi hakuipiga. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti, bali mwendo wa mtandao hupimwa kwa biti, na baiti moja ni biti 8. Gigabaiti 12 ni megabaiti 12,000, yaani megabiti 96,000. Njia ya kupakia pale Magomeni ilipitisha megabiti 4 kwa sekunde (kupakia mara nyingi huwa na mwendo mdogo kuliko kupakua, na tangazo la kifurushi hutaja ule mkubwa). Gawanya 96,000 kwa 4: utapata sekunde 24,000, yaani saa 6 na dakika 40. Kazi iliyoanza saa sita kamili usiku haiwezi kwisha kabla ya saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, hata kama hakuna kasoro yoyote. Umeme ukikatika mara moja katika muda huo, yote yanaanza upya.

Fundi akashauriwa aache kubahatisha. Alichukua daftari la shule, akapiga mistari ya safu tatu: saa ya kuanza, saa ya kukatika, na kiasi kilichokwisha kwenda. Usiku wa kwanza ilikwenda gigabaiti 1.8, wa pili 1.1, wa tatu 1.5. Kiasi kilibadilika kila siku. Muda haukubadilika: saa moja kamili, si dakika moja zaidi. Mtandao mbovu hauna saa mkononi. Kitu kinachokatika baada ya sekunde 3,600, siku zote, kimekatwa na kanuni fulani iliyoandikwa mahali.

Kanuni hiyo ilikuwa kibali. Kompyuta inapotaka kuingia kwenye hifadhi ya mbali hupewa kibali chenye muda, na muda wa saa moja ni wa kawaida sana. Kibali kikiisha kabla ya mzigo kwisha, mlango hufungwa. Programu njema hujiombea kibali kipya ikiwa kazini; ile aliyokuwa akiitumia fundi haikufanya hivyo.

Kama safu ya kiasi ndiyo ingekuwa haibadiliki, tungeshuku kikomo cha ukubwa. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa zamani wa FAT32 haipokei faili moja linalofika gigabaiti 4, na hifadhi ya S3 ya kampuni ya Amazon haipokei zaidi ya gigabaiti 5 kwa mkupuo mmoja. Na kama muda na kiasi vyote vingeyumbayumba bila mpango, hapo ndipo mtandao ungestahili lawama. Kuna pia mzigo usioanza kabisa, na sababu yake yaweza kuwa saa ya kompyuta: S3 hukataa ombi ambalo saa yake imepishana na ya kwao kwa zaidi ya dakika 15.

Baada ya kubadili programu, fundi aliligawa faili. Anayetoka Kariakoo kwenda Magomeni huvuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, ambapo mvua kubwa zimeifunga barabara mara nyingi. Mwenye marobota 240 hayapangi yote katika gari moja na kuliombea dua. Huyapeleka kwa safari ndogo ndogo. Maji yakijaa, yaliyokwisha kuvuka yamevuka. Gigabaiti 12 zikikatwa vipande vya megabaiti 50, hupatikana vipande 240. Kipande kimoja huchukua sekunde 100, na kikiharibika hurudiwa hicho tu.

Vipande vina faida ya pili, inayotokana na fizikia. Mwanga ndani ya uzi wa kioo husafiri kilometa 200,000 hivi kwa sekunde. Mkongo wa kilometa 10,000 huuchukua moja ya kumi ya sekunde kwenda na kurudi. Ikiwa mtumaji hatumi zaidi ya kilobaiti 64 kabla ya kusubiri jibu, basi hatapita kilobaiti 640 kwa sekunde, njia iwe pana kiasi gani. Vipande vinne vinavyosafiri pamoja husubiri pamoja, na kazi huenda mbele. Walakini vipande visiwe vidogo mno: S3 hukubali visivyozidi 10,000 kwa faili moja. Tena vipande vya safari iliyoachwa njiani hubaki kule na kuendelea kutozwa ada mpaka vifutwe, jambo ambalo watu wengi hulijua kwa kuletewa bili.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kosa kubwa la fundi lilikuwa la awali. Kwa nini apeleke gigabaiti 12 kila usiku? Picha ya khanga ya mwaka juzi haibadiliki. Kuibana ili ipungue hakusaidii sana pia, kwa sababu picha za kamera huwa zimekwisha kubanwa. Kinachobadilika kila siku ni hesabu za wadeni, na hizo hazikufika hata megabaiti 40. Sasa hizo huenda kila usiku, pamoja na picha mpya peke yake. Nakala nzima huenda mara moja kwa mwezi.

Mwezi wa kwanza nakala nzima ilifika bila kukatika. Fundi aliipakua kwenye kompyuta kuukuu, akaifungua. Majina yalikuwepo, madeni yalikuwepo. Picha za khanga za miaka miwili hazikuwepo: zilikuwa zimehamishiwa diski ya pili, na hakuna aliyeiambia programu ipite huko. Siku hiyo daftari lake liliongezwa safu ya nne, yenye neno moja juu yake: "Imefunguka?"