Amri Ilikofikia: Utangulizi wa Historia ya Ukoloni Barani Asia

Anayeingia kwenye somo hili kwa kawaida hupokewa na ramani. Ramani za mwaka 1900 zinaipaka Asia rangi za wakubwa: India ya Waingereza, Indochina ya Wafaransa, visiwa vya Indonesia vya Waholanzi. Mimi namkaribisha mgeni kwa swali: gavana alipotoa amri, ilifika wapi, na nani aliitii?

Hata India, hadi mwaka 1947 sehemu kama mbili kwa tano za nchi zilikuwa mikononi mwa maraja na manawabu zaidi ya 500, waliotoza kodi na kuhukumu watu wao chini ya macho ya Mwingereza.

Ila mwalimu wangu mkubwa ni Aceh, ncha ya kaskazini ya Sumatra. Aprili 1873 Waholanzi walishuka pwani. Jenerali wao, Köhler, akauawa kwenye Msikiti wa Baiturrahman, na jeshi likarudi merikebuni. Wakaja tena, na Januari 1874 wakateka kasri ya sultani, wakatangaza kwamba nchi ni yao na vita vimekwisha. Wapi! Vita vilihamia bara, vikashikwa na machifu na maulamaa. Miaka kumi baadaye washindi hao walikuwa wakijenga mstari wa ngome kuuzunguka mji mkuu, wakajifungia humo. Chifu mmoja wa Aceh, Teuku Umar, alijiunga nao mwaka 1893, wakampa silaha na fedha. Mwaka 1896 akaondoka navyo. Alipouawa mwaka 1899, mkewe Cut Nyak Dhien aliendelea kupigana msituni hadi macho yakamwishia nuru. Alikamatwa, akafia uhamishoni Java mwaka 1908.

Tusidhani kwamba utawala usiofika mbali ulikuwa mpole. Mwaka 1904 msafara wa ofisa Mholanzi Van Daalen uliua karibu watu 3,000 katika nchi za Gayo na Alas, bara ya Aceh, wanawake na watoto wakiwamo. Naamini mauaji ya namna hiyo hutokea hasa pale amri inapokosa wa kuitii, na ndiyo maana taarifa za maofisa husomwa kwa tahadhari: neno “utulivu” likirudiwa mno, tafuta makaburi. Kisha soma za upande wa pili, kama Hikayat Prang Sabi, utenzi wa jihadi ambao Waholanzi waliuogopa kiasi cha kuupiga marufuku.

Mwaka 1942 Waaceh waliwaasi Waholanzi kabla Wajapani hawajatia nanga. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha, Waholanzi walirudi Java na sehemu nyingi za Sumatra. Huko Aceh waliishia Sabang kisiwani, bara hawakukanyaga tena.