Canning, mwana wa Galway aliyezaliwa kiu ilipoanza

GALWAY, kaunti iliyo magharibi mwa Ireland, ilitwaa ubingwa wa taifa wa mchezo wa hurling mnamo Septemba 4, 1988. Wiki tano baadaye, Oktoba 11, mtoto aitwaye Joe Canning akazaliwa katika mji mdogo wa Portumna. Hakuna aliyejua siku hiyo kwamba mtoto huyo angetimiza umri wa miaka 28 kabla ya kaunti yake kuliona tena kombe hilo.

Hurling ni mchezo wa jadi wa Waairishi. Kwa mbali hufanana na mpira wa magongo, ila mpira hupaa juu ya vichwa na huruhusiwa kudakwa kwa mkono. Timu huwa na wachezaji 15, kila mmoja akishika gongo, kwa jadi la mti wa ash, lenye ncha bapa. Mpira ukiingia wavuni chini ya mtambaa panya ni goli, nalo huhesabiwa kuwa pointi tatu. Ukipita juu yake, kati ya milingoti, ni pointi moja. Ndiyo maana matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili, magoli kwanza, kisha pointi.

Jambo jingine la kufahamu ni kwamba wachezaji hawa hawalipwi mshahara. Ni walimu, wakulima, makarani na wanafunzi. Mtu huchezea kaunti yake, na hakuna klabu tajiri inayoweza kuja na mkoba wa fedha kumnyakua. Basi mshambuliaji hodari aliyezaliwa katika kaunti yenye ukame wa vikombe huvumilia ukame huo pamoja na jirani zake.

Canning alivumilia. Hata hivyo, alianza kwa kishindo. Alitwaa ubingwa wa taifa wa chipukizi mara mbili, 2004 na 2005, na akiwa na klabu yake ya Portumna alinyakua taji la klabu bingwa mwaka wa 2006.

Julai 2008, akiwa na umri wa miaka 19, alishuka uwanjani mjini Thurles kuikabili Cork. Alifunga magoli mawili na pointi 12, yaani pointi 18 kati ya 21 za Galway. Wenzake wote kwa jumla walipata tatu. Cork walikuwa na 23, nao wakasonga mbele. Mwaka huo alitawazwa mchezaji bora chipukizi nchini, lakini sidhani kama kuna tuzo inayomliwaza kijana aliyefanya hayo yote kisha akarudi nyumbani ameshindwa.

Fainali ya 2012 dhidi ya Kilkenny nayo ilimtesa. Dakika za mwisho alipiga mpira wa adhabu uliosawazisha mambo, mechi ikarudiwa, na Galway ikalazwa. Mwaka wa 2015 Kilkenny iliwanyima tena katika fainali.

Agosti 2017, katika nusu fainali, Galway na Tipperary zilikuwa sare muda wa ziada ukiyoyoma. Canning aliupokea mpira karibu na mstari wa pembeni, akaupiga akiwa amebanwa, nao ukapita katikati ya milingoti. Siku chache baadaye, Tony Keady, nguzo ya ulinzi ya kikosi kile cha 1988, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 53. Kaunti iliyokuwa ikijiandaa kwa fainali ikawa matangani.

Septemba 3, uwanjani Croke Park, Dublin, Galway ilipata pointi 26 bila goli hata moja, na kuishinda Waterford iliyofunga magoli mawili na pointi 17. Canning alichaguliwa mchezaji bora wa mwaka.

Alistaafu kuchezea kaunti Julai 2021, akiwa na umri wa miaka 32. Mechi yake ya mwisho ilikuwa dhidi ya Waterford, mjini Thurles, kulekule alikowatingisha Cork akiwa kijana. Siku hiyo alimpita Henry Shefflin wa Kilkenny na kuwa mfungaji bora katika historia ya mashindano hayo: magoli 27 na pointi 486. Galway ilishindwa.