Mizani na Mchezo wa Ngumi

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo wa ngumi ni wa majitu tu, na ya kwamba mtu mwembamba akiingia ulingoni amejitafutia mauti. Sivyo. Katika mashindano ya mataifa ya wachezaji wa ridhaa, yaani wasiopigana kwa ujira, kabla ya ngumi hutangulia mizani.

Wakulima wa Mgeta washukao Morogoro na mboga zao wajua faida ya mizani iliyo sawa: muuzaji hapunjwi wala mnunuzi haibiwi. Ndivyo ilivyo kwa mpiga ngumi. Asubuhi ya siku ya kupigana hupimwa uzito, naye hukutanishwa na mtu wa daraja lake tu. Akizidi kipimo huondolewa, ajapokuwa hodari.

Kwa sheria hiyo watu wadogo wa Afrika Mashariki wamepata heshima kubwa. Mwaka 1978, mjini Belgrade, Stephen Muchoki wa Kenya alitwaa ubingwa wa dunia katika daraja la kilo 48, uzito usiofika nusu ya gunia la kilo 100. Mwaka 1998, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Kuala Lumpur, Michael Yombayomba wa Tanzania alipata nishani ya dhahabu katika daraja la kilo 54.

Lakini mizani haiondoi hatari yote, kwa maana ngumi ya kichwa hutikisa ubongo. Kwa hiyo refa humhesabia hata nane mchezaji aliyepepesuka kwa pigo, na daktari aweza kulikomesha pambano. Tena siku hizi wa ridhaa hupigana raundi tatu tu, za dakika tatu tatu; katika ngumi za malipo raundi zaweza kufika 12. Robert Wangila wa Kenya, aliyepata dhahabu ya Olimpiki mjini Seoul mwaka 1988, aliingia katika ngumi za malipo, akafa mwaka 1994 kwa majeraha ya pambano la Las Vegas.

Basi mzazi ambaye mwanawe apenda mchezo huu asimkataze kwa hofu, wala asimwachilie ovyo. Na aulize mambo matatu: Mizani ipo? Refa ajua sheria? Daktari yupo karibu? Likikosekana hata moja, kijana na arudi nyumbani, angoje siku nyingine.