Sura za Askari wa Zama za Malkia Victoria

Katika nyumba nyingi za Uingereza, na katika maduka ya vitu vya kale, zipo kadi ndogo zenye sura ya mtu aliyevaa nguo za askari, amesimama kando ya kiti au meza, macho ameyakaza mbele. Nyuma ya kadi pana jina la mpiga picha na la mji wake; jina la askari mwenyewe halipo. Yule aliyepewa kadi, mama au mchumba au ndugu, hakuwa na haja ya kuandikiwa jina, maana alimjua. Walipokufa waliomjua, jina likapotea, ikabaki sura. Twataka kueleza jinsi wachunguzi wanavyoitafuta habari ya mtu kama huyo. Nasi twaonya mapema kwamba kazi hii ina hatari yake. Kumpa marehemu jina lisilo lake ni kumdhulumu yeye, na ni kumdhulumu pia yule mwingine ambaye jina lake limetwaliwa.

Neno askari tumelipata katika Kiarabu, na kwetu limekuwa pana: mlinzi wa mlango ni askari, polisi ni askari, na mwanajeshi vilevile. Hapa twasema juu ya mwanajeshi tu, na hasa mtu wa cheo cha chini aliyeandikwa katika jeshi la Uingereza kati ya mwaka 1837, Malkia Victoria alipoanza kutawala, na mwaka 1901 alipofariki. Wakubwa wao tunawaacha, kwa kuwa habari zao zilichapwa katika vitabu tangu hapo.

Picha za kwanza, zile za Daguerre zilizotangazwa Paris mwaka 1839, zilikuwa juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha, na bei yake haikuwa ya maskini. Baadaye zikaja za kioo, kisha za bamba jembamba la chuma. Mwaka 1854 Disdéri, naye wa Paris, alipata hati ya kumiliki ufundi wa picha ndogo za karatasi zilizobandikwa juu ya kadi, upana wake kama sentimeta 6 na urefu 10. Katika miaka ya 1860 kadi hizo zilienea sana, hata askari wa mshahara mdogo aliweza kununua kadhaa na kuwapelekea watu wake kabla ya kupanda meli. Kadi kubwa zaidi zilifuata tangu mwaka 1866 hivi. Kwa hiyo mchunguzi huanza na kipimo cha kadi kabla hajautazama uso.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui: picha zile husema uongo juu ya rangi. Dawa iliyopakwa juu ya kioo ilishikwa upesi na mwanga wa buluu, bali nyekundu na manjano karibu haikuziona. Kwa hiyo koti jekundu hutokea jeusi. Kitambaa cha buluu hutokea cheupe au cha kijivu. Mtu mwenye nywele nyekundu aonekana kama mwenye nywele nyeusi. Na macho ya buluu hung'aa kwa weupe hata ukadhani mtu ni kipofu. Ndivyo ilivyo pia kwa tepe za nishani. Nishani ya vita vya Crimea ya mwaka 1854 hadi 1856 ina utepe wa buluu hafifu wenye kingo za manjano. Katika picha utaona katikati kweupe na kingo nyeusi. Nishani ya safari ya Uhabeshi ya mwaka 1867 na 1868 ina utepe mwekundu wenye kingo nyeupe. Katika picha ni kinyume, katikati kweusi na kingo nyeupe. Asiyejua siri hii atampeleka Magdala mtu aliyepigana Sebastopol.

Tena picha za bamba la chuma hugeuza upande, kama kioo cha kujitazamia. Nishani zilizovaliwa kifuani upande wa kushoto huonekana kuliani. Dawa ya shaka hii ni kutazama vifungo: koti la mwanamume hufungwa upande wa kushoto juu ya ule wa kulia, ukiona kinyume, picha imegeuka.

Baada ya hayo nguo zenyewe husomwa kwa kioo cha kukuza. Kabla ya mwaka 1881 vikosi vya askari wa miguu vilijulikana kwa hesabu, na hesabu hiyo mara nyingi yaonekana katika kofia. Tangu tarehe 1 Julai 1881 vikaunganishwa na kupewa majina ya wilaya. Pindo la mkono wa koti lilibadilishwa mwaka 1868 likawa na ncha, na baada ya 1881 likawa la mviringo lisilo na ncha. Beji za ukosi walianza kupewa askari wa chini mwaka 1874. Kofia yenye umbo la chapeo ilianza mwaka 1878. Kila badiliko ni kama ukuta: picha haiwezi kuwa ya kabla yake, na mara chache ni ya muda mrefu baada yake.

Kosa tulionalo mara nyingi ni hili la tepe za mkononi. Tepe za cheo hukaa juu ya kiwiko, ncha zake zikielekea chini. Tepe za mwenendo mwema hukaa chini ya kiwiko, ncha zikielekea juu, nazo hazikumpa mtu amri yoyote. Zilionyesha tu kwamba amekaa miaka kadhaa bila kuadhibiwa. Mzee mwenye tatu za namna hiyo huitwa sajini na wajukuu wa wajukuu wake, naye hakupata hata ukoplo.

Ama karatasi za jeshi, nyingi zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, huko Kew, London. Ziko orodha za waliopewa nishani, ziko daftari za mishahara za kila kikosi, na ziko hati za kuachishwa kazi, zenye kutaja mahali alipozaliwa mtu, kazi yake ya kwanza, kimo chake, rangi ya macho na nywele, hata makovu. Lakini hati za kabla ya mwaka 1883 ni hasa za wale waliopata pensheni. Aliyekufa kazini kwa homa, na aliyetoroka, hawamo. Wao hutafutwa katika daftari za mishahara tu. Namba ya askari nayo isikudanganye: hadi mwaka 1920 kila kikosi kilihesabu watu wake peke yake, basi namba moja ilikuwa na watu wengi.

Wako wachache waliobahatika. Mwaka 1855 Malkia aliwatazama majeruhi wa Crimea huko Chatham, kisha kwa agizo lake Cundall na Howlett wakawapiga picha. Moja yaonyesha watu watatu waliokatwa miguu. Majina yao na vikosi vyao viliandikwa, hata leo vyajulikana. Maelfu ya wenzao waliojilipia kadi zao wenyewe hawakuandikiwa.

Tutoe mfano wa kazi yenyewe. Tuseme tuna kadi ndogo. Kofia ina 50. Pindo la mkono lina ncha. Ukosi hauna beji. Chini ya kiwiko pana tepe tatu. Kifuani pana utepe mweupe wenye kingo nyeusi, na mwingine mweupe wenye mstari mweusi katikati. Wa kwanza ni wa Crimea. Wa pili, ambao kwa kweli ni wa buluu wenye mstari mwekundu, ni wa New Zealand, na kikosi cha 50 kilipigana kotekote. Nishani ya New Zealand ilianza kutolewa mwaka 1869, na beji za ukosi mwaka 1874, basi picha yaelekea kuwa ya kati ya miaka hiyo. Twachukua orodha za nishani mbili na kuandika waliomo katika zote. Kwa daftari za mishahara twafuta waliokufa na walioondoka. Tuseme wamebaki wawili. Wote walitumika miaka 21 wakapata pensheni, hivyo hati zao zipo, na zote zataja tepe za mwenendo. Vimo vyao vyapishana kwa inchi moja. Mmoja alikuwa na nywele nyeusi, mwingine nyekundu. Na katika picha, kama tulivyosema, zote mbili ni nyeusi.

Hapo twaweka kalamu ya wino, twatwaa ya risasi, na nyuma ya bahasha twaandika majina yote mawili, na kati yao neno «au».